Kusikia Vimondo kwa Redio Ukiwa Kisumu: Mwongozo Kamili

Saa kumi na robo alfajiri. Redio iko kwenye masafa yasiyo na stesheni yoyote, na kinachosikika ni mvumo tu, kama mvua ya mbali juu ya mabati. Ghafla mvumo unakatika. Sauti ya mwanamke, safi kana kwamba yumo humo chumbani, inatamka nusu ya neno la Kiamhari, kisha mvumo unarudi. Haikufika sekunde moja. Kutoka Kisumu hadi Addis Ababa ni kilomita 1,100 hivi, na mawimbi ya FM kwa kawaida hayafiki hata robo ya safari hiyo. Kilichoyafikisha ni punje ya vumbi la angani, pengine ndogo kama chembe ya mchanga, iliyoungua mahali fulani upande wa Ziwa Turkana kilomita 100 juu.

Miongozo mingi ya kazi hii imeandikwa kwa watu wa Ulaya. Inakuambia usikilize rada ya GRAVES ya Ufaransa kwenye 143.050 MHz, au mtambo wa Dourbes nchini Ubelgiji kwenye 49.970 MHz. Nilipoteza miezi kadhaa nikisikiliza masafa hayo hapa Kisumu kabla sijaelewa kwamba hayawezi kunifikia. Kwa sababu ya mviringo wa dunia, njia ya kimondo haiwezi kuunganisha watu walio mbali zaidi ya kilomita 2,200 hivi. Huku kwetu tunahitaji mitambo ya kwetu, na tunayo: stesheni za FM za nchi jirani, zinazorusha usiku na mchana bila kujua kwamba zinatufanyia kazi. Tutaanza nazo. Ishara za redio ya ridhaa, yaani za watu wenye leseni wanaowasiliana kwa redio kwa kupenda tu, zitafuata baadaye, ukishajua sikio lako linatafuta nini.

Kinachotokea huko juu

Kimondo huingia angani kwa kasi ya kati ya kilomita 11 na 72 kwa sekunde. Kinapofika kimo cha kilomita 110 hadi 80 kinaungua, na atomi zinazovukizwa kutoka kwake zinagongana na hewa na kung'olewa elektroni. Nyuma yake kinaacha mstari mrefu, mwembamba, wa hewa yenye umeme. Mawimbi ya redio yanapougonga mstari huo yanarudi chini mahali pengine. Mara nyingi sekunde haijaisha, mstari umeshatawanyika.

Kimondo kidogo kinaleta mwangwi mfupi, sehemu ya kumi ya sekunde hadi nusu sekunde. Kikubwa kinaacha mstari mzito unaoweza kushikilia ishara kwa sekunde kadhaa, mara chache hata nusu dakika, sauti ikipanda na kushuka kwa sababu upepo wa huko juu unaupindapinda ule mstari. Jambo jingine la kukumbuka: mwangwi wa kimondo kidogo unadumu kwa kadiri ya mraba wa urefu wa wimbi. Kwa hiyo kimondo kilekile kinachokupa robo sekunde kwenye 100 MHz kitakupa sekunde nzima kwenye 50 MHz. Ndiyo sababu wanaridhaa wanaipenda 50 MHz.

Mstari huo unafanya kazi kama kioo, si kama balbu. Ni lazima ukae kwa pembe inayofaa kati ya mtambo na wewe. Nina rafiki Nakuru, kilomita 150 hivi kutoka kwangu, na tumesikiliza stesheni moja kwa wakati mmoja tukilinganisha daftari. Mara nyingi mwangwi alioupata yeye mimi sikuupata, na wangu yeye hakuusikia. Usidhani basi kwamba antena yako ni mbovu kwa sababu mwenzako kasikia na wewe hukusikia.

Hatua ya kwanza: tafuta masafa matupu

Hii ndiyo hatua inayoamua kila kitu, na ndiyo ambayo watu wengi wanaipita mbio. Kipokezi kinaweza kuwa cha bei ndogo na antena ikawa ya waya wa kawaida, lakini bila masafa matupu huna chochote. Ukimya ndio mtaji wako.

Bendi ya FM inaanza 87.5 hadi 108 MHz. Mjini Kisumu imejaa, na mitambo mingi iko karibu na ina nguvu. Chukua daftari la shule, chora safu, uandike kila masafa kwa hatua ya 0.1 MHz. Kisha pita moja baada ya jingine, dakika mbili kila moja, mara tatu: jioni, usiku wa manane, na alfajiri. Masafa yanayokufaa hayana stesheni, na majirani zake wa pande zote mbili pia ni watupu au dhaifu, kwa sababu stesheni kubwa iliyo 0.1 au 0.2 MHz kando inamwaga uchafu wake hadi kwako. Usishangae ukibaki na masafa manne au matano tu kati ya mia mbili na zaidi. Manne yanatosha. Hata moja linatosha.

Sasa angalia kama kuna mtambo mkubwa unaorusha kwenye masafa hayo mahali palipo kati ya kilomita 500 na 1,500. Tovuti ya FMLIST ina orodha za stesheni za dunia nzima. Kutoka Kisumu, umbali kwa mstari ulionyooka ni takriban huu: Kigali 560, Juba 650, Dodoma 680, Bujumbura 700, Mombasa 700, Dar es Salaam 900, Addis Ababa 1,100, Mogadishu 1,200. Kampala ina kilomita 250 tu. Hiyo iache, kwa kuwa ishara zake zinaweza kukufikia kwa njia nyingine na kukuchanganya.

Kama una uchaguzi, chagua stesheni isiyozungumza Kiswahili. Nusu sekunde ya Kiswahili inaweza kuwa Dar es Salaam, Dodoma, Mombasa, au stesheni ya hapahapa iliyoteleza, na huna njia ya kujua. Kiamhari, Kisomali, Kirundi au Kifaransa kinakuambia mara moja kwamba sauti hiyo imesafiri. Kirundi na Kinyarwanda zinakaribiana mno kwa sikio la mtu wa huku, hivyo usidai Bujumbura mpaka usikie jina la stesheni. Muziki hausaidii kitu, maana nyimbo zilezile zinapigwa kila mahali.

Hatua ya pili: kipokezi

Usinunue chochote kwanza. Redio ya gari ni kipokezi kizuri cha FM, mara nyingi kizuri kuliko redio ya mezani, na gari unaweza kulipeleka mbali na kelele za mji. Zima utafutaji wa kujiendesha, weka masafa kwa mkono, na kama kuna kitufe cha kuchagua stesheni za karibu tu, kizime. Ongeza sauti hadi mvumo usikike vizuri. Kisha subiri.

Mara yangu ya kwanza ilikuwa ndani ya gari la mjomba, limeegeshwa Dunga karibu na ufuo, saa kumi na moja kasoro. Mlinzi wa pale alikuja akagonga kioo.

"Kijana, betri itaisha na huna stesheni."

"Ngoja kidogo, mzee. Ingia usikilize."

Aliketi, tochi mapajani. Tulikaa kimya kama dakika saba. Kisha mwanamume akasema maneno mawili kwa Kifaransa, wazi kabisa, akapotea. Mzee alinigeukia. "Huyo ni nani?" Nikamwambia sijui, ila yuko mbali sana, na sauti yake imepitia juu. Hakuondoka hadi jua lilipochomoza.

Ukishasikia mwenyewe, ndipo ununue kipokezi cha SDR, yaani redio inayoendeshwa na programu ya kompyuta, kile kidude kidogo kama fleshi kinachochomekwa kwenye laptopu. Kile cha kawaida chenye chipu ya RTL2832U na kitafuta masafa cha R820T kinapokea kuanzia 24 MHz hadi zaidi ya 1,700 MHz, na bei yake ni shilingi elfu kadhaa. Kama unaweza, nunua chenye fuwele ya kushika masafa iliyosawazishwa dhidi ya joto (TCXO), inayokosea kwa sehemu 1 katika milioni. Kwenye FM tofauti hiyo huioni. Kwenye 50 MHz utaiona, nitaeleza hapo chini. Kompyuta ya zamani inatosha, na simu ya Android yenye waya wa OTG pia inafanya kazi ukitumia programu ya SDR++.

Hatua ya tatu: antena

Tengeneza daipoli, antena ya vipande viwili sawa vilivyonyooka katika mstari mmoja. Chukua 143, gawa kwa masafa yako kwa megahezi, utapata urefu wote kwa mita. Kwa 100 MHz ni mita 1.43, yaani sentimita 71 na nusu kila upande. Waya wa nyumba wa milimita za mraba 2.5 unafaa, au vipande viwili vya bomba jembamba la alumini kutoka kwa mafundi wa madirisha. Zifunge kwenye paipu ya PVC ili zisilegee, ukiacha nafasi ya sentimita mbili katikati. Kebo ya TV ya ohmu 75 ndiyo hasa inayolingana na daipoli: ule waya wa kati unaunga upande mmoja, wavu wa nje unaunga upande wa pili. Kama huna mashine ya kulehemu, konekta ya skrubu ya mafundi wa umeme inashika vizuri, ila ifunike kwa tepu kisha na kipande cha nailoni, kwa sababu unyevu ukiingia kwenye kebo hautoki tena. Chini tu ya daipoli, zungusha kebo mara sita au saba kuwa duara la sentimita kumi hivi na uifunge. Duara hilo linazuia kelele za nyumba zisipande kwenye wavu wa kebo hadi kwenye antena.

Kimo si suala la "juu kadiri unavyoweza". Hebu tuhesabu. Kimondo kinachokuunganisha na Bujumbura kinaungua takriban katikati ya njia, kilomita 350 kutoka kwako na 100 juu. Ukitokea Kisumu, hapo ni nyuzi 14 au 15 juu ya upeo wa macho. Antena iliyolala mlalo, ikiwa juu ya ardhi kwa kimo sawa na urefu wa wimbi moja, inasikia vizuri zaidi kwenye pembe ya nyuzi 14 na nusu. Wimbi la 100 MHz lina mita 3. Kwa hiyo mlingoti wa mita 3 tu, juu ya ardhi tambarare, unatazama pale hasa unapopahitaji. Kwa Addis Ababa pembe inashuka hadi nyuzi 8, na mita 5 zitafaa zaidi. Nilipoishusha antena yangu kutoka juu ya paa la ghorofa hadi uani, kelele za majirani zilipungua na miangwi ikaongezeka.

Kisha mwelekeo. Daipoli inasikia ubavuni, si kwenye ncha. Kutoka Kisumu, Bujumbura iko magharibi-kusini-magharibi, yaani unatazama Ghuba ya Winam moja kwa moja bila kilima cha kukuzuia. Ukiielekeza ubavu huko, ncha moja itakuwa inatazama Dar es Salaam karibu kabisa, nayo Dar itafifia. Hilo ni jambo jema kama hutaki kuchanganyikiwa na Kiswahili. Ukitaka Addis, ubavu uwe kaskazini-kaskazini-mashariki, na hapo uchague mahali ambapo vilima vya Riat na Maragoli havikufungi. Nakuru hesabu inabadilika, na mtu wa kule ahakikishe hakai chini kabisa ya ukuta wa Menengai kama anataka kaskazini. Jaribu pia kuisimamisha antena wima kwa wiki moja, kwa kuwa stesheni hazirushi zote kwa namna moja.

Radi. Sisi wa kanda ya ziwa tunaijua. Kila unapomaliza, chomoa kebo na uitupe nje ya dirisha. Ukisikia ngurumo hata ya mbali, usiguse antena wala kebo, na usiendelee kusikiliza kwa kusema mvua bado iko Nandi.

Hatua ya nne: mipangilio ya programu

Fungua SDR++, chagua WFM (FM pana, ile ya stesheni za utangazaji), upana wa kilohezi 150 au pungufu kidogo, zima stereo, zima kinyamazisha-mvumo. Zima ukuzaji wa kujiendesha. Sasa uupandishe kwa mkono polepole ukitazama mstari wa kelele chini ya picha. Utafika mahali ambapo kuchomeka antena kunaupandisha mstari huo kidogo. Simama hapo. Ukizidi, stesheni kubwa za mjini zitakilemea kipokezi na utaona stesheni za uongo zikizuka kwenye masafa uliyojua ni matupu. Punguza ukuzaji hatua moja: stesheni ya kweli itashuka kidogo, ya uongo itaporomoka au itatoweka.

Picha ya rangi inayotiririka chini ya mstari ni msaidizi mkubwa. Mwangwi wa kimondo kwenye stesheni ya FM unaonekana kama alama pana, fupi, inayotokea na kukatika kana kwamba imekatwa kwa kisu. Iweke itiririke haraka, maana ikienda polepole miangwi mifupi haitaonekana kabisa. Rekodi sauti pia. Utashangaa ni mingapi sikio liliikosa.

Jambo moja la huku kwetu: stima zikipotea, usilale. Chaja, balbu za LED na televisheni za mtaa mzima zinanyamaza kwa pamoja, mstari wa kelele unazama, na laptopu yenye betri inakupa saa moja au mbili za anga safi ambayo hutaipata siku nyingine.

Hatua ya tano: chagua saa

Dunia inakimbia kuzunguka jua kwa kilomita 30 kwa sekunde, na upande unaotangulia ni ule ambako kunapambazuka. Mtu wa bodaboda akipita kwenye mvua, kifua kinalowa na mgongo unabaki mkavu. Alfajiri sisi ndio kifua. Jioni tuko mgongoni, na vimondo vinavyotufikia ni vile tu vinavyotukimbilia kutoka nyuma. Kwa hiyo sikiliza kuanzia saa tisa usiku hadi saa moja asubuhi, kilele kikiwa karibu na saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili jioni ndiyo mbaya kuliko zote.

Hapa andika saa kwa uangalifu. Sisi tunasema saa kumi alfajiri, simu inaonyesha 4:00, na programu za wanaridhaa duniani kote zinatumia UTC, ambayo iko saa tatu nyuma yetu, yaani 01:00. Nimewahi kuharibu kumbukumbu za wiki nzima kwa kuchanganya. Andika UTC peke yake kwenye daftari, na tarehe yake.

Vimondo vya kawaida vipo kila siku ya mwaka. Juu ya hivyo zipo mvua za vimondo, yaani siku ambazo vimondo ni vingi kuliko kawaida, na kukaa karibu na ikweta kuna faida: tunaona anga ya kaskazini na ya kusini. Eta Akwaridi, karibu na tarehe 5 na 6 Mei, ni vumbi la kometi ya Halley linalokuja kwa kilomita 66 kwa sekunde, na sisi tunalipata vizuri kuliko watu wa Ulaya. Geminidi, 13 na 14 Desemba, ni za polepole, kilomita 35 kwa sekunde, lakini ni nyingi na zinaleta miangwi mirefu. Zinaanza kufaa kuanzia saa nne usiku, kwa hiyo si lazima ukeshe. Perseidi za 12 na 13 Agosti zinasifiwa sana, ila chimbuko lao, yaani mahali angani zinapoonekana kutokea, liko mbali kaskazini na hapa halipandi juu zaidi ya nyuzi 32. Wiki ya kwanza ya Juni kuna Arietidi, ambazo macho hayawezi kuziona kwa kuwa zinaanguka mchana. Redio inazisikia jua likiwaka.

Hatua ya sita: jua kisicho kimondo

Mwaka mmoja, mwezi wa Agosti, niliandika miangwi mingi mno katika usiku mmoja, nikaamini nimekutana na Perseidi za ajabu. Niliposikiliza rekodi tena, niligundua kwamba kila "mwangwi" ulipanda taratibu, ukakaa, ukashuka taratibu, na wote ulikuwa mtangazaji mmoja akiendelea na kipindi kimoja. Ilikuwa stesheni ya ng'ambo ya ziwa. Niliyafuta yote.

Ziwa letu ndilo mdanganyifu mkubwa. Usiku usio na upepo, hewa baridi ikilala juu ya maji chini ya hewa yenye joto, kunatokea mfereji unaobeba FM mbali kuliko kawaida. Mwanza na Bukoba, zenye kilomita 340 hadi 360, zinaweza kusikika kwa saa nzima. Ishara ya mfereji inapanda na kushuka kama pumzi. Ya kimondo inatokea kwa ghafla, mara moja, na kama ni ndefu inafifia ikitetemeka. Kabla ya kuanza kuhesabu, pitia masafa ya stesheni za Mwanza unazozijua. Zikisikika, usiku huo sikiliza kwa raha zako lakini usihesabu.

Ndege nayo inarudisha mawimbi. Utaitambua kwa kutetemeka kunakoanza haraka, kukapungua mwendo, kisha kukaongezeka tena, kwa sekunde kumi hadi dakika nzima. Radi inatoa mlio wa "tak" unaopiga masafa yote kwa pamoja, na kwenye picha ni mstari unaokata kutoka upande hadi upande. Kimondo hakifanyi hivyo, kinaonekana pale tu palipo na stesheni. Mchana wakati mwingine tabaka la E la angahewa linakuwa zito ghafla na kuleta stesheni za mbali kwa dakika nyingi mfululizo, na hizo pia ziache nje ya hesabu.

Kanuni yangu: nikisita, siandiki.

Kuhesabu kwenyewe hakuna ugumu. Masafa yaleyale, antena ileile, ukuzaji uleule, saa zilezile, angalau siku saba mfululizo kabla ya mvua ya vimondo ili ujue kawaida yako. Gawa saa katika vipande vya dakika kumi. Weka alama moja kwa mwangwi wa chini ya sekunde moja, na alama nyingine kwa mrefu. Ukibadilisha chochote, hata kuisogeza antena hatua mbili, anza hesabu mpya. Ukitaka hesabu zako zikae pamoja na za wengine duniani, Shirika la Kimataifa la Vimondo, IMO, lilianzishwa mwaka 1988 kwa kazi hiyo.

Hatua ya saba: ishara za redio ya ridhaa

Sasa uko tayari kwa 50 MHz. Hapa hutafuti sauti, unatafuta maandishi. Wanaridhaa wanatumia MSK144, mtindo uliobuniwa na Steve Franke na Joe Taylor, yule mwanafizikia aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1993, nao umo ndani ya programu ya bure ya WSJT-X. Ujumbe mfupi, kwa mfano alama mbili za wito (majina ya vituo) na ripoti, unafungwa katika fremu ya sekunde 0.072 na kurudiwa mfululizo. Katika zamu ya sekunde 15 unarushwa zaidi ya mara 200. Kimondo kidogo kinahitaji kubeba fremu moja tu.

Tengeneza daipoli ya pili: mita 1.42 kila upande, kimo cha mita 6 kama unaweza. Weka kichujio cha kuzuia FM kati ya antena na kipokezi, maana sasa zile stesheni za mjini ni adui mtupu. Kwenye SDR++ chagua USB (hapa ni namna ya kupokea, upande wa juu wa wimbi, si ile plagi), 50.280 MHz, upana wa kilohezi 3, na upeleke sauti WSJT-X kwa kebo ya sauti ya kidijitali, yaani programu inayohamisha sauti kutoka programu moja hadi nyingine. Ndani ya WSJT-X chagua MSK144, zamu ya sekunde 15, masafa ya kupokelea 1500, uvumilivu wa 200. Kiwango cha sauti kikae karibu na 30 kukiwa na mvumo mtupu.

Kipokezi cha bei ya chini kinaweza kukosea kwa sehemu 60 katika milioni, ambayo kwenye 50.280 MHz ni kilohezi 3 nzima. Utakuwa umekaa mlango wa pili ukingoja mgeni asiyebisha kwako. Kiache kipate joto nusu saa, kisha kipime kwa programu ya kal, inayotumia minara ya simu ya GSM kama saa, na uandike marekebisho kwenye SDR++. Saa ya kompyuta nayo isawazishwe kwa intaneti, isipotee hata sekunde moja.

Utahitaji pia kujua mraba wako wa ramani, zile herufi mbili na tarakimu mbili ambazo wanaridhaa hutumia kusema walipo. Kisumu na Dunga ni KI79, Nakuru ni KI89. Ikweta inapita Maseno, kwa hiyo ukivuka kwenda Kakamega au Eldoret unakuwa KJ70. Dar es Salaam ni KI93, Bujumbura KI46.

Ukweli ni kwamba wanaridhaa wa 50 MHz Afrika Mashariki ni wachache, na ukikaa ukingoja tu unaweza kukesha mwezi bila kuona mstari. Njia ya uhakika ni miadi. Kusikiliza huku hakukugeuzi kuwa mrushaji. Lakini kurusha kunahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya, kwa hiyo anayerusha awe mwenye leseni katika nchi yake. Chama cha wanaridhaa wa Kenya, ARSK, ni mahali pazuri pa kuulizia. Alama za wito zitakuambia mtu yuko wapi: 5Z Kenya, 5H Tanzania, 5X Uganda, 9U Burundi, 9X Rwanda, ET Ethiopia.

Kubalianeni hivi na mtu wa Dar es Salaam: usiku wa kuamkia 14 Desemba, 20:00 hadi 22:00 UTC, yeye arushe kwenye 50.280 zamu ya kwanza na ya tatu ya kila dakika akielekeza antena kwenu, wewe usirushe chochote. Fungua dirisha la WSJT-X, acha picha ya kijani itiririke. Mwangwi ukija utaona mstari mwembamba wima uking'aa, na chini yake, kama bahati ni yako, herufi: saa ya UTC, nguvu kwa desibeli, sekunde ambayo kimondo kilitokea ndani ya zamu, masafa, alama ya &, kisha alama yake ya wito na KI93. Nakili mstari huo daftarini kwa mkono hata kama kompyuta imeuhifadhi, umtumie kwa simu usiku huohuo, kisha uchomoe kebo kabla hujalala.